Kisanduku Kimoja cha Makazi

Ndani ya treni ya asubuhi, fundi bomba alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake alikaa karani mpya wa sensa, fomu mapajani, akijaribu maswali yake kwa mama mshonaji aliyekaa naye.

"Makazi yako ya kawaida ni wapi, mama?"

"Cherehani yangu iko mjini, na kitanda changu kiko mjini. Watoto wako kijijini kwa mama mkwe, pamoja na masufuria yangu yote."

"Basi wewe ni mhamiaji."

"Nimehama lini, mwanangu? Kila Ijumaa niko kwao!"

Karani akaandika kwenye kisanduku kimoja cha makazi, akafuta. Karatasi ilishaanza kutoboka, na hilo lilikuwa swali la kwanza tu. "Kitabu cha mwongozo kinasema makazi ni pale mtu anaporudi," akasema, akashusha pumzi.

"Hapo ndipo unaponichanganya. Nikitoka kijijini, kitinda mimba wangu ananing'ang'ania: mama, utarudi lini? Nikitoka mjini, wateja nao: gauni langu je, utarudi lini? Sasa mimi narudi wapi?"

Treni ikasimama. Simu ya mama ikalia. "Nimesharudi," akaitikia, akabeba kikapu chake akashuka.

"Umerudi wapi?" karani akapaza sauti, lakini mama alishapotelea kwenye umati. Akamgeukia fundi bomba. "Na wewe, baba, makazi yako?"

Fundi akazigusa funguo mbili mfukoni, mmoja wa mjini, mwingine wa kwao, akafumba macho tena.