Mlango wa Kabula

Sikilizeni wanangu, Amon na Josepha, na msinililie mapema, maana leo nina furaha na uji nimemaliza bakuli zima. Nyumba hii ya Ng'ambo nawaachia wote wawili. Mizinga ya kule Tura ni ya Josepha, kwa sababu Amon hukimbia kabla nyuki hawajamwona. Cheka, baba, ni kweli.

Ila kuna jambo moja ambalo mkilivunja sitakuwa radhi nanyi. Mimi nilikuwa yatima wa kuhamishwa, nyumba saba, na kila mlango uliposukumwa kwa kishindo nilijua fimbo imefika; hata uzeeni, bati likigongwa na upepo moyo hunienda mbio. Nawe Amon nikakulea kwa fimbo ile ile. Nisamehe, mwanangu. Daktari wangu wa presha alinieleza kwamba mtoto akiishi kwa hofu, mwili wake huzoea kumwaga homoni za kujihami, na pengine hauachi hata hatari ikiisha, ndipo presha na sukari humpata kirahisi ukubwani. Lakini akipata mtu wa kumtegemea, asiyebadilika, mwili nao unaweza kujifunza kutulia.

Ndiyo maana Kabula, binti wa marehemu kaka yenu Shilinde, alipoletwa hapa akawa anajificha uvunguni mwa kitanda, niliweka sharti: hakuna kuingia alipo bila kubisha hodi. Mlinicheka, eti mzee mzima anabishaje hodi kwa mtoto wa miaka sita! Miezi minne hakujibu, nami nikasimama pale na mkongojo wangu kila asubuhi. Jana, wanangu, jana akasema, "Karibu babu, ila vua viatu." Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, na viatu nikavua.

Basi nikishazikwa na tanga likiisha, kikao cha ukoo kitataka kumpeleka kwa ndugu wa Lusu, kisha wa Igunga, kama nilivyozungushwa mimi. Kataeni. Abaki hapa na Josepha, na wewe Amon uje kila Jumapili, ubishe hodi, usubiri.

Nipeni mikono. Mungu awape usingizi mzuri, na watoto wasiowaogopa... Maji kidogo. Pumzi inaniishia, lakini sina huzuni... Nyamazeni. Mnasikia? Ni yeye huyo, mlangoni kwangu, anabisha hodi.

Karibu, mjukuu wangu. Ingia... na viatu vyako.