Djafari Kiza, aliyechanja mbwa wa Dzaleka akamwacha paka wa nyumbani kwake

Mashehe wetu, wachungaji mliotufikia, wazee wa bloku, mama na baba zetu, kabla hatujamsalia marehemu familia imemtuma Aruna, mdogo wake wa tumbo moja, awasomee maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari, kwa kuwa ndani yake mna neno linalowahusu baadhi yenu mlioketi hapa, na tunawaomba msiondoke kabla halijafika.

Djafari Kiza alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Alunguli, mjini Kindu, mkoa wa Maniema, nchini Kongo, mtoto wa nne wa mzee Kiza Ramazani, mchuuzi wa mbuzi, akaanza shule ya msingi Septemba 1977, kisha akaingia shule ya ufundi wa mifugo, akapata diploma ya Serikali Julai 1991, wa pili katika darasa lake, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha hadi mwaka huu. Kuanzia Januari 1992 alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni Kindu, na tarehe 6 Agosti 1996 alimwoa Aicha, binti wa mtaa wa pili, Mungu akawajalia watoto watatu, mmoja akatangulia mbele ya haki tulipokuwa tunakimbia vita, na wawili, Safi na Ramazani, wako hapa mbele yenu. Familia ilipitia Kigoma, ikafika kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, tarehe 19 Novemba 2009, na tangu siku hiyo hapa ndipo kwao.

Mwaka 2012 wilaya ilipotafuta watu wa kujitolea katika chanjo ya kichaa cha mbwa, Djafari alikuwa wa kwanza kuandikisha jina, na ndipo akaitwa Dokta wa Imbwa, jina ambalo baadhi yetu Waislamu tulilitaja kwa kumcheka, tukimuuliza atajitwaharisha mara ngapi kwa siku, naye hakukasirika, alikuwa na nguo za kazi na nguo za msikitini, na birika lake halikukauka. Kila Jumamosi asubuhi alikaa mbele ya duka la jirani yetu Nahayo kujibu maswali, mtoto wa mbwa achanjwe lini, naye akasema miezi mitatu, dawa ya minyoo apewe mara ngapi, kupe watolewe kwa kitu gani, na mbwa akilishwa pilipili je, atakuwa mkali, akasema hapana, ataharisha. Bucumi wa mtaa wa Likuni kila mwaka alimuuliza kama mbwa aliyechanjwa mwaka jana lazima achanjwe tena, na Djafari akamuuliza kama nsima, ugali wa hapa, aliyokula mwaka jana ingali tumboni. Na kwa kila mtu, kabla ya kumwacha aende, alirudia neno lilelile, kwamba ukiumwa, hata na mbwa wako mwenyewe, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa kupika chai, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuugua, kwa sababu ukishaugua hakuna daktari duniani.

Kina mama walipomwambia, "Paka yangu haitokake inje, chanjo ya nini?", aliwajibu vizuri kwamba paka naye huugua na paka naye huuma, lakini alipojibu hivyo mkono wake ulikuwa umeshashika mbwa mwingine. Chupa ya chanjo ikifunguliwa haingojei kesho, foleni ya mbwa ilikuwa ndefu, na paka wa nyumbani kwake, tuliyemwita Zikomo, aliwekwa wa mwisho mwaka huo, na mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Tuseme ukweli, mganga hajigangi, na sisi wenyewe hatukumkumbusha, kwa maana tangu Kindu tumefundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi na paka ni msafi, hulala penye mkeka wa sala, hunywa penye maji ya udhu, na hakuna aliyefikiria kwamba usafi wa udhu ni jambo moja na ugonjwa ni jambo jingine.

Tarehe 4 Mei 2025 Zikomo alimuuma Djafari kidole cha shahada, alipokuwa anamtoa mfupa ulioonekana kama umemkwama kooni, na yeye, ambaye angempeleka Bucumi hospitali kwa kumvuta sikio, alimimina maji kidogo, akajifuta, akaenda kusali Adhuhuri. Siku mbili baadaye sauti ya paka iligeuka, akawa anapepesuka na kudondosha mate, na tarehe 9 Mei tukamkuta amekufa nyuma ya choo. Jirani alikuwa ameweka sumu ya panya wiki hiyo, Djafari akashika neno hilo la sumu kwa mikono miwili, akamzika paka, na Aicha alipomuuliza kama ana hakika, alijibu kwamba yeye ndiye dokta. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu ulikaa kimya wiki kumi na moja.

Jumapili tarehe 20 Julai kidole kilianza kumwasha na kumchoma bila kidonda, Jumatatu alikataa chai, na Jumanne tarehe 22, wakati wa Alfajiri, alichukua birika kwa udhu, akamimina maji kiganjani, akayasogeza kinywani kusukutua, koo likamfunga, mwili ukamtetemeka, akalitua birika chini taratibu na kulitazama kwa muda. Aicha alikuwa mlangoni, aliona yote, na alielewa kabla hajaambiwa.

"Njo ile paka, mama Safi," Djafari alisema. "We ilikuuma?"

Aicha akasema, "Ilinigusa na meno tu, ku kisigino. Niliikanyaga asubuhi moja mbele ikufe, haikuwa kitu."

 Djafari aliapa kwamba hatapanda gari la kwenda hospitali mpaka Aicha apande naye, na hospitalini Lilongwe hakukubali kulazwa mpaka mkewe achomwe sindano ya kwanza mbele ya macho yake, akamshika mkono kwa mkono wake uliofunikwa kitambaa ili asimguse, akamwambia, "Mi nimekwisha, we ungali na wakati. Ukikosa hata sindano moja sababu ya kunililia, utakuwa umeniua mara ya pili."

Alifariki Ijumaa tarehe 25 Julai, saa kumi na moja alfajiri, siku tunayoiombea sote, lakini namna ya kufa kwake hatutaisoma hapa, waliokuwepo wanaijua na inawatosha.

Sasa neno lenyewe. Zikomo alikuwa na watoto watatu, waligawiwa watu tarehe 6 Mei, wakati mama yao ameshaugua, wawili walichukuliwa mtaa wa Katubza, wakafa, na watu wa nyumba hizo wameanza sindano, lakini wa tatu, mweupe mwenye sikio moja jeusi, alichukuliwa na mama mchuuzi wa mtaa wa Mchesi ambaye hatumjui jina wala nyumba. Anayemjua asimame hata sasa, na yeyote aliyeumwa, aliyekwaruzwa au kulambwa kidondani na paka huyo au mama yake, hata kama hana maumivu yoyote, aende leo, kwa sababu marehemu naye hakuwa na maumivu yoyote.

Mnaotazama mkeka wa mjane na kuuona mtupu, na tumesikia mnavyonong'ona, jueni kwamba sindano ya pili ya Aicha ilipaswa kuwa jana, siku ileile ya msiba, tukamrudisha Dzaleka pamoja na maiti bila hata mmoja wetu kukumbuka, wanawake wakamvika nguo za eda, na Annonciata, mhudumu wa afya wa kambi, alipokuja jioni na kadi mkononi, Aicha alikataa, akisema, "Mufiwa anatokaka? Bantu batasema nini?" Shehe alimwambia eda haikumfunga asitafute uhai, aende na akirudi akae, naye bado akakataa, akageukia ukuta. Leo kabla ya jua aliinuka mwenyewe, akavaa viatu, akamwambia Annonciata kwamba yeye hatamuua mume wake mara mbili, na sasa wako barabarani kuelekea Lilongwe, wamechelewa siku moja, na daktari hakutuahidi kitu ila kwamba asikose tena. Tunaogopa, na hatuoni aibu kusema tunaogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lilongwe waliomtuliza mpaka mwisho, Annonciata aliyeleta glavu kwa walioosha maiti, Nahayo na majirani waliopika na kukesha, watu wa chanjo wa wilaya waliofanya kazi naye miaka kumi na mitatu, Bucumi na wanawe waliochimba kaburi, na jirani wa sumu ya panya, ambaye hakumuua paka wala mtu, asijilaumu.

Kaka Djafari, umejibu maswali ya watu wote, hili moja tu, kama Aicha angekubali kwenda, umetuachia sisi. Mkeo amekwenda kuchomwa sindano. Pumzika sasa, kwa amani.