Nilisafiri Nisione Njia

Amani kwenu, mama zangu na dada zangu. Wakubwa, shikamooni. Nilisema leo sitasimama kusema, lakini kuna mjane mwenzetu analia pale nyuma, nami namjua yule, nilikuwa yeye.

Nilipotoka eda, nyumba yetu ya Maramba ilinishinda. Kila mlango nilimtazamia mume wangu. Basi nikawa mtu wa safari. Leo Lushoto, kesho Pangani, nikifika nageuza. Watu walisema nimeota mguu wa kutembea. Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa nikienda popote. Njia nzima sioni, sisikii, nafika sijui nilipita wapi.

Siku moja nilishuka Horohoro, mpakani. Askari mmoja akaniuliza nakwenda kwa nani, nikamwambia sijui. Nikasimama kando ya barabara, malori yakipita, moyo ukaniambia piga hatua moja tu upumzike. Mwanamke muuza maji akanishika mkono, akanikalisha, akaomba simu yangu akampigia wifi yangu.

Wifi alikuja. Hakunigombeza. Alinipeleka hospitali kwa mshauri, nikawa nahudhuria, lakini kifua kilibaki jiwe. Ndipo akasema twende Ushongo kwa shangazi yake. Tulivuka mto wa Pangani kwa pantoni, kisha akakataa bodaboda. Tukashika ufukwe kwa miguu.

Akaniambia, "Nihadithie unachokiona."

Nilikasirika. Nikamjibu mchanga unachoma.

"Na nini tena?"

Kisigino kimepasuka, maji ya chumvi yanawasha. Nasikia harufu ya pweza aliyeanikwa.

"Na nini tena?"

Nikasema, "Simwoni kaka yako."

Sikuwa nimelitamka hilo tangu tumzike. Nilianguka pale pale nikalia, na wifi akalia, maana na yeye alifiwa. Kwa shangazi tulipewa mkate wa kumimina. Nikasikia ladha ya iliki. Miezi mingi nilikuwa natafuna tu.

Sijapona kama mnavyodhani. Zipo asubuhi nagoma kuamka. Ila sasa nikisafiri nasafiri nami nipo. Namshukuru wifi, na mshauri, na yule muuza maji ambaye sikumuuliza hata jina.

Dada yangu pale nyuma, usiikimbie huzuni kwa gari, inapanda nawe. Tembea nayo polepole, na mtu wa kukuuliza "na nini tena." Leo nikija hapa mvua ilikuwa inanyesha upande mmoja tu wa barabara. Niliiona.