Marlys Tollefson, Aliyejifunza Kukosea Mbele ya Mjukuu Wake

Ndugu, majirani na waumini wenzetu, huyu tunayemzika leo aliacha agizo kuhusu maneno haya. Majira ya kuchipua yaliyopita alimwambia mchungaji, mumewe akiwa amekaa pembeni, "Nikifa msinipake asali. Mkisoma habari zangu, semeni na ile ya Karin." Mumewe, Duane, akamwambia aache uchuro. Hakuacha. Karin, binti yake, ameridhia, na familia imeandika kama mwenyewe alivyotaka.

Marlys Jorun Lokken alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 katika shamba la ng'ombe la wazazi wake, Arvid na Hjordis Lokken, nje kidogo ya Nordahl, Wisconsin. Alikuwa kitindamimba. Siku hiyo theluji ilifunga barabara, mkunga akakwama njiani, na mtoto akapokewa na bibi yake mzaa baba. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alizaliwa amekunja ngumi, na kwamba hata mchungaji alipommwagia maji ya ubatizo alirushiwa konde.

Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa kule kilimani, kisha akaendelea na sekondari mjini. Alikuwa hodari wa kusoma, kuandika na kutoa hotuba. Hesabu alizimudu vizuri hadi aljebra ilipoingia. Siku moja mwalimu alimwita ubaoni akamwacha amesimama pale, chaki mkononi, darasa zima likimtazama, mpaka kengele ikalia. Hakumpiga wala kumtukana. Alimwacha tu. Tangu hapo Marlys alifaulu kwa kukariri, akaenda chuo cha ualimu mjini La Crosse, akahitimu mwaka 1972. Duane mwenyewe habari hii ya ubaoni aliisikia wakiwa wameshaota mvi.

Alifundisha darasa la pili hapa Nordahl mpaka alipopata mtoto wa kwanza. Baadhi ya wanafunzi wake wamo humu kanisani leo, na wanakumbuka jinsi alivyowasomea hadithi akibadilisha sauti, ya mbweha nyembamba na ya dubu nzito, mpaka mwalimu wa chumba cha pili anakuja kuuliza kuna nini.

Yeye na Duane walifunga ndoa katika kanisa hili hili tarehe 15 Juni 1974. Bwana harusi alichelewa. Aliingia na suti nzuri na mabuti ya zizini, kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa anazaa asubuhi hiyo na ndama alikaa vibaya.

"Ng'ombe au mimi?" Marlys alimuuliza pale pale madhabahuni.

"Wewe," Duane akajibu. "Lakini ng'ombe asingeweza kusubiri."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Karin mwaka 1977 na Erik mwaka 1980. Shule ya Nordahl ilipofungwa, watoto walitakiwa kupanda basi la kuzunguka vilima vyote kabla ya kufika mjini. Marlys akasema hapana, watasomea nyumbani, kwenye meza ya jikoni. Wakati ule jambo hilo lilikuwa geni. Watu walinong'ona kwamba anawafuga watoto kama kuku wa ndani. Maneno hayo yalimchoma kuliko alivyoonesha, akajiapiza kwamba watoto wake watawapita wa shuleni kwa kila kitu, hesabu zikiwa za kwanza. Akachukua saa ya jikoni, ile ya kupimia mikate, akawa anaitega kila anapowapa hesabu.

Erik aliiona saa kama mchezo. Karin ilimgandisha mikono. Ikianza tu kugonga, namba zinaelea.

Marlys mwenyewe alisimulia habari ya asubuhi moja ya majira ya baridi, mwaka 1989.

"Andika basi," alimwambia Karin.

"Naandika, Mama."

"Karatasi nyeupe pee. Unaandika kwa macho?"

Erik, aliyekuwa upande wa pili wa meza na kazi yake, akatoa jibu bila kuulizwa.

"Umemsikia mdogo wako? Wa darasa la tatu huyo! Huoni aibu?"

Karin hakulia. Siku chache baadaye akaanza kuleta karatasi zilizojaa, majibu yote sahihi, hata saa haijalia. Alikuwa akiyanakili kutoka kurasa za mwisho za kitabu. Marlys aligundua mapema. Akanyamaza. Nyumba ilikuwa imetulia, tena aljebra ilikuwa inakaribia, na yeye hakuwa na moyo wa kusimama tena mbele ya aljebra, mtoto wake akimtazama. Hilo ndilo aliloliita kosa lake, na hakuruhusu mtu alipunguze.

Karin alipenda wanyama. Kila mtu hapa bondeni alijua atakuwa daktari wa mifugo. Wazee walishaanza kumwita daktari kwa utani. Wakati wa kuomba chuo ulipofika, akasema tu, "Sitaki tena." Mama yake hakumuuliza kwa nini. Karin akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, akaolewa na Wade Brekke, mtu mwema, na mwaka 2008 wakampata Tove.

Karin naye alimsomesha binti yake nyumbani. Tove alijua majina ya ndege wote wa bondeni, na vitabu alivimeza. Lakini hesabu ilikuwa vita. Akikiona tu kile kitabu kimetolewa kabatini, anatoka mbio, anakwenda kujificha kwenye banda la ndama. Msimu wa majani kupukutika, mwaka 2017, Karin alimleta kwa bibi yake.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Nikifungua kitabu naingiwa na hofu, naye anaiona."

Marlys alianza kwa njia yake ya zamani, ila kwa sauti laini na bila saa. Haikusaidia. Tove aliandika namba, akainua macho kumtazama bibi usoni, akafuta. Akaandika nyingine, akamtazama, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Jioni ile Marlys alimwambia Duane, "Yule mtoto hasomi karatasi. Anausoma uso wangu."

Kesho yake alitoa darini kitabu cha aljebra cha Erik. Hakumfundisha Tove chochote. Alikaa kando yake, akajipa hesabu mwenyewe, akakosea.

"Bibi, unafanya nini?"

"Hesabu. Hii imenishinda tangu nina miaka kumi na mitano."

"Lakini wewe ni mwalimu!"

"Mwalimu mwoga. Hebu tazama hapa. Mimi nimepata kumi na saba, kitabu kinasema nne."

Tove akafunika mdomo, kicheko kikamtoka puani. "Umekosea kweli kweli, Bibi."

"Sana. Sogea nikuoneshe nilipopotelea."

Duane akaingia kutoka zizini, akamwona mkewe amekunja uso juu ya kitabu. "Mwanamke, kitabu cha watoto kinakutoa jasho?"

"Kaa wewe basi ufanye."

"Mimi? Nina ng'ombe wananisubiri."

"Babu naye anaogopa!" Tove akapiga kelele, na babu hakukana.

Haikuwa kazi ya mara moja. Ziko siku Tove alirudi bandani. Marlys alivaa mabuti, akamfuata, akakaa naye kwenye majani makavu, ndama wakimlamba mikono ya koti. Ziko siku yeye mwenyewe alirusha penseli kwa hasira, akaenda kuiokota chini ya jiko. Lakini siku moja, akiwa anahangaika na hesabu yake ndefu, mtoto alinyoosha kidole.

"Saba mara nane si hamsini na nne. Ni hamsini na sita."

"Una hakika?"

"Nilijua zamani, Bibi. Niliogopa tu kusema."

Wakaendelea hivyo miezi mingi, hadi Tove akaanza kugawanya namba ndefu, halafu sehemu. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua ya mwaka huu, 2019, alikosea hesabu moja ya sehemu. Hakumtazama mtu. Alisema tu, "Aa, nimekosea. Ngoja nianze upya," akageuza karatasi, akaendelea.

Karin alikuwa pale jikoni anaosha vikombe. Aliweka kitambaa chini, akatoka barazani. Marlys akamfuata.

"Mama, yale maneno uliyatoa wapi?"

"Maneno gani?"

"'Nimekosea.' Nimekaa kwenye meza ile utoto wangu wote. Sijawahi kuyasikia."

"Sikuwa nayo, mwanangu. Nilikuwa naogopa kuliko wewe, nikakuacha uonekane mjinga peke yako."

"Mimi nilijua nina kasoro kichwani. Mpaka leo najua hivyo."

"Huna. Nilijua huna, nikanyamaza."

Karin alichukua funguo za gari, akaondoka. Kwa wiki nyingi alimshusha Tove getini akageuza bila kuingia ndani. Marlys alisimama dirishani na kikombe cha pili cha kahawa, cha Karin, ambacho mwishowe alikunywa mwenyewe. Alimwambia Duane, "Mtoto wake nimempata. Wangu nimemchelewa."

Agosti, Tove alipeleka ndama wake kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti. Mama na binti wakajikuta wamekaa benchi moja kwenye vumbi, wakimtazama mtoto akimvuta ndama asiyetaka kwenda.

"Njoo tuanze," Marlys akasema. "Mimi na wewe. Aljebra, ukurasa wa kwanza."

"Nina miaka arobaini na miwili, Mama."

"Na mimi wa juzi? Njoo tukosee wote."

Karin akacheka, kicheko chake cha kwanza mbele ya mama yake tangu ile siku ya barazani. "Mahindi yakishavunwa," alisema. "Sasa hivi kazi ni nyingi, Wade hanioni hata usiku."

"Mahindi yakishavunwa. Usije ukanikimbia."

Shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua Marlys kwa miaka, ingawa dawa alizimeza kwa kununa. Jumanne tarehe 8 Oktoba 2019, akimenya matofaa ya pai, alipigwa na kiharusi. Duane alimkuta sakafuni, redio bado inaimba. Alikimbizwa hospitali La Crosse, ambako wauguzi walimtunza kwa upole mkubwa. Hakuweza tena kusema. Karin hakuondoka kitandani pake. Aliinama sikioni mwake akamwambia neno la msamaha alilolichelewesha tangu majira ya kuchipua. Kama mama alilisikia, hatujui. Karin angependa sana kujua. Marlys aliaga dunia Jumatatu asubuhi, tarehe 14 Oktoba 2019.

Mvua za mwaka huu zilichelewesha kila kitu, na siku aliyofariki mahindi ya Wade na Karin yalikuwa bado yamesimama shambani. Juzi majirani walikuja na mashine zao wakayavuna yote kwa siku moja, bila kuombwa. Familia inawashukuru. Jioni ile Karin alisimama barazani akitazama shamba tupu. Tove akaja akasimama naye.

"Mama, ile aljebra, mimi najua pa kuanzia."

Marlys ametanguliwa na wazazi wake, na kaka zake Odd na Sigurd. Ameacha mume wake Duane; binti yake Karin na mkwe wake Wade; mwana wake Erik na mkewe Paulette; dada yake Borghild; na mjukuu wake wa pekee, Tove. Baada ya maziko, akina mama wa kanisa wamewaandalia chakula na kahawa ukumbini chini. Karibuni nyote.

Mungu ampokee mama yetu Marlys, ampe pumziko na utulivu wa moyo ambao hapa duniani aliupata akiwa amechelewa.