Namba za Juu za Mita ya Mwenyekiti

DISEBO: Haloo? Nani huyo asubuhi yote hii?

TSHEDISO: Mama Disebo, ni mimi.

DISEBO: Mimi wako wengi. Simu inakoroma, siku—

TSHEDISO: Tshediso. Jirani yako wa ng'ambo ya barabara.

DISEBO: Ahaa, Mwenyekiti wa mtaa. Subiri nifunge mlango wa jikoni. (Mlango unafungwa.) Haya, umeamkaje?

TSHEDISO: Nimeamka. Wewe je?

DISEBO: Mzima. Nanywa chai ya moto.

(Mtandao unakwaruza.)

TSHEDISO: Dada yangu, chaji imebaki kidogo. Mita yangu imegoma. Jana nimenunua umeme, naingiza namba, inaandika kosa. Narudia, kosa. Na leo ndiyo siku ya binti yangu Nthabeleng.

DISEBO: Najua. Wajomba wa kijana wanakuja kuzungumza mahari.

TSHEDISO: Kutoka Qwaqwa kote huko. Na nyama ya kuwapa ndiyo hiyo kwenye friza, inaanza kutoa maji. Wakikuta giza na harufu, watasema binti katoka kwa watu gani?

DISEBO: Si uliutangazia mtaa mzima—

TSHEDISO: Hayo tuyaache.

DISEBO: Tuyaache vipi? Ulipanda juu ya kreti na kipaza sauti. Ukasema watu wa umeme wanaotaka tuapdeti mita wana lao. Risiti ya umeme ikija na namba tatu, mbili za juu, za kuapdeti, ni mtego, tuzichane, tubaki na ya chini yenye umeme. Watu wakakupigia makofi.

TSHEDISO: Nilikuwa nawalinda. Hawa watu na matoleo yao mapya unawajua. Simu yangu niliiapdeti mara moja tu, picha za marehemu mke wangu zikapotea. Zote, Disebo. Nikaapa, kitu kikifanya kazi sikigusi.

DISEBO: Hilo la picha liliniuma hata mimi. Pole.

TSHEDISO: Asante.

DISEBO: Lakini kwenye mita hukuogopa mambo ya picha. Uliogopea ule waya unaoikwepa mita, nyuma ya ka—

TSHEDISO: Waya gani? Usiseme vitu kwenye simu.

DISEBO: Haya. Huo nisiousema, uko wapi leo?

TSHEDISO: Watu wa umeme walipita Jumatatu. Wakaukata.

DISEBO: Ndiyo maana umenunua umeme. Nilishangaa.

TSHEDISO: Cheka tu.

DISEBO: Sicheki. Mwenzio nilikuwa na tokeni za akiba, namba za umeme nilizolipia mapema, nimeziweka kwa ajili ya baridi. Nilipoingiza zile namba za juu, mita ikazikataa zile tokeni za zamani zote. Nililia peke yangu hapa jikoni. Na wewe ukanitoa kwenye kamati, ukaniita msaliti.

TSHEDISO: Ilikuwa siasa tu, dada.

DISEBO: Siasa. Leo mita yangu tu ndiyo inakubali umeme, friza yangu imejaa nyama ya mtaa mzima. Makamu wako kaleta kuku wake, kajifunika blanketi mpaka puani asitambulike.

TSHEDISO: Makamu wangu?

DISEBO: Na katibu.

TSHEDISO: Sasa nisaidie. Nimeambiwa zile mbili za juu ndizo zinaanza, ndipo ya umeme ikubali. Zangu nilizichana.

DISEBO: Mbele za watu. Nilikuona.

TSHEDISO: Na ofisi ya umeme leo imefungwa. Naomba tu nivushe waya kutoka kwako—

DISEBO: Waya tena?

TSHEDISO: Wa siku moja.

DISEBO: Mwenyekiti, mkutano ulipoisha, nani alibaki anaokota vikaratasi vyako chini?

TSHEDISO: Wewe. Nikakutangaza umerukwa na akili.

DISEBO: Niliviunganisha kwa gundi. Viko hapa, kwenye mlango wa friji. Nilijua kuna siku utavitaka.

TSHEDISO: Disebo. Mungu akubariki. Nisomee, wageni watafika sasa hivi. Nashangaa wamechelewa, kwa desturi wangekuwa getini kabla jua halijatoka, wakiita kwa sifa za ukoo wao.

DISEBO: Hawajachelewa.

TSHEDISO: Unasemaje? Unakatika.

DISEBO: Walisimama getini kwako wakaita mpaka sauti zikakauka. Nyumba giza, kimya.

TSHEDISO: Nilikuwa uani nahangaika na kuni—

DISEBO: Wakadhani wamepotea njia. Wakaja kwenye nyumba yenye taa. Wako sebuleni kwangu wanakunywa chai. Mzee wao ananiita mkwe, na sijamsahihisha.

TSHEDISO: Ee Mungu wangu. Nisomee, chaji inalia.

DISEBO: Andika. Nne, saba, sifuri, mbili. Tano, tano, moja, nane.

TSHEDISO: ...Nane. Endelea.

DISEBO: Zilizobaki nakupa mkononi.

TSHEDISO: Mkononi vipi? Usinifanyie hi—

DISEBO: Njoo getini kwangu. Simama nje, uite kwa sifa za ukoo wako, useme umekosa, unaomba kupokelewa. Nikiridhika nafungua.

TSHEDISO: Mimi? Baba wa binti? Wakwe si watanisikia?

DISEBO: Wasikie. Watajua wanaoa kwa watu wenye adabu.

TSHEDISO: Nije na kipaza sauti?

DISEBO: Kina chaji?

TSHEDISO: Hakina.

DISEBO: Basi tumia koo lako.

TSHEDISO: Disebo, sikiliza, simu inaz—

DISEBO: Haloo? Haloo? (Anafungua mlango wa jikoni.) Wajomba, ongezeni chai, msiwe na haraka. Kuna mgeni anavuka barabara, na amevaa koti lake la mikutano.