Jiko la Kangeta

Ukiwahi kupita Maua asubuhi, pale magari ya miraa yanapokata kona kwa fujo, basi umetupita. Benchi letu liko nje ya duka la Mohamednoor, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja ni tofali. Mohamednoor anauza nguo, lakini kinachotuleta sisi ni birika lake la kahawa ya tangawizi, ambalo hutoka nje saa tatu na kurudi ndani likiisha. Wanaokaa pale wana majina ya benchi. Kiambi anaitwa Waya kwa sababu anafunga stima kwenye nyumba za watu, na kwake kila shida ya dunia hii ni shoti. Mithika ni dalali wa miraa, ila aliwahi kuhudhuria semina ya siku mbili kuhusu haki za raia, na tangu hapo anaitwa Katiba. Mimi ni Kithaka, mzaliwa wa Siakago niliyeoa huku, na kwa kuwa ndimi fundi pekee wa majiko ya gesi mwenye leseni hapa, wananiita Injinia. Jina hilo nililipenda sana. Asubuhi ninayoisimulia nilitamani walisahau.

Walikuwa wanashangilia barua yangu. Wiki mbili kabla, jiko la mama mkwe wangu kule Kangeta lilishika moto na kumuunguza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, siku ya tatu tangu nilifunge na libandikwe stika yangu. Watu wa leseni walikuja, wakauliza, wakaandika. Sasa barua ilikuwa imefika, na Katiba alikuwa anaisoma kwa mara ya pili kwa sauti ya mahakamani.

Katiba: Hapa imesema, "fundi alifuata taratibu zote za usalama." Zote. Si nusu, si karibu zote.

Mohamednoor: Mimi sikuwa na wasiwasi. Huyu alikataa kufunga gesi yangu mpaka nitoboe ukuta niweke dirisha. Mtu kama huyo atakosea aje?

Waya: Leo kikombe ya kwanza ni ya Injinia. Shika, mzee.

Nikashika. Acha niseme hapa kitu ambacho pale benchini sikukisema. Sheria ya kazi yetu ni fupi. Unavuta jiko, unapaka povu la sabuni kila mahali mpira wa gesi unapoungana na chuma, na unaangalia kwa macho yako kama povu linavimba. Ukishindwa kuangalia, unafunga mtungi na kuning'iniza kadi nyekundu, na hakuna anayewasha. Ile stika yenye jina langu na namba ya leseni maana yake ni moja tu, kwamba macho yangu yameona.

Kule Kangeta sikuingia jikoni. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama wa mke wake. Ni heshima, na ni haya, ile tunayoita nthoni. Siku hizi wengi wameiacha, lakini mimi kwa miaka tisa sijavuka kizingiti kile, na nilikuwa naona fahari. Basi nilikaa uani kwenye kiti, mke wangu Kajuju akaingia na kopo la povu, nami nikawa namwelekeza kupitia dirishani. Kaza hapo. Paka hapo. Povu linavimba? Halivimbi. Na kule nyuma? Kajuju akasema jiko ni zito na mama amesimama palepale anachekecha unga, halivutiki mpaka aondoke. Nani angemwambia mama aondoke jikoni kwake? Nikasema basi, inatosha. Stika nikaipitisha dirishani. Chai ya kwanza iliyochemshwa kwenye jiko lile niliinywa mimi, na nikaisifu.

Mkono wa mama uliponusurika kukatwa, watu wa leseni walimwendea hospitalini. Akawaambia: "Ni mimi nililivuta jiko nikifagia, nikalegeza mpira. Mkwe wangu alikuwa amenikataza kuligusa." Mimi na yeye hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu. Aliutunga uongo ule akiwa amefungwa bandeji ili nisipoteze kazi. Waliniletea maelezo yake niyasome, nami nikatia sahihi chini yake. Nimeona mambo ya aibu maishani, lakini hilo ndilo kubwa, na nililifanya kwa kalamu yangu mwenyewe.

Waya: Sawa, leseni imepona. Sasa tuongee moto yenyewe. Ati mama alivuta jiko. Majiko yanavutwa Kenya hii kila siku na hayashiki moto. Hiyo ilikuwa shoti.

Mohamednoor: Kwani kwa huyo mama kuna stima?

Waya: Hakuna. Ndio hatari yenyewe. Kama kungekuwa na stima ingepita kwa waya yake, haina haja na watu. Binadamu ako na stima kidogo kwa mwili. Ukivaa leso ya nailoni na ukasirike, inatokea kwa vidole.

Katiba: Alikuwa amekasirika?

Waya: Alikuwa anapikia watu kumi na mbili wa chama. Wewe ungekuwa unacheka?

Katiba: Arii, hapana. Shida ni mtungi. Ulizia vizuri, utapata ulitoka Isiolo. Isiolo ni joto. Gesi imezoea joto, unaipandisha mpaka Kangeta kwa baridi, lazima ishtuke. Na si ilikaa siku mbili vizuri, ya tatu ndio ikawaka?

Waya: Ya tatu, ndio.

Katiba: Basi kesi imeisha. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo gesi ilikuwa mgeni. Nani aliipatia jembe?

Mohamednoor: Jembe ya gesi ni nini sasa?

Katiba: Kazi ngumu. Githeri. Maharagwe makavu. Wao walikuwa wanaichemshia chai tu, ikakaa bila kazi, ikaanza fujo kama kijana wa mjini.

Mohamednoor akacheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kandambili. Kisha akaweka birika chini, na tukajua na yeye anayo yake.

Mohamednoor: Mimi naona ni yale mawe. Kila jikoni huku kulikuwa na mawe matatu ya kupikia, hata kwa huyo mama, tangu nyanya wa nyanya yake. Juzi wakayabeba, wakayatupa nje, wakaleta jiko ya gesi. Hata mimi, mwenye nyumba akinitoa duka hii bila kuniambia, nitaenda nikinung'unika.

Katiba: Lazima upewe notisi. Hiyo ni haki.

Mohamednoor: Ndio nasema. Mawe hayakupewa.

Waya: Kwa hivyo mawe ndio yaliwasha moto, yakiwa nje?

Mohamednoor: Hayakuwasha. Yalikataa tu kuzuia.

Waya: Mimi hata sijui kama tuite moto. Wahenga walisema penye moshi pana moto. Gesi haitoi moshi. Hiyo haikuwa moto kamili, ilikuwa kama mwangaza tu.

Mimi: Mkono umeungua mpaka kwa kiwiko, Waya.

Ilinitoka tu. Waya akaniwekea mkono begani.

Waya: Pole, Injinia. Ni mdomo. Mama anaendelea aje?

Mimi: Anaendelea.

Sikuwa nimemwona. Kajuju ndiye anayekwenda kumbadilishia bandeji, na akirudi huniletea salamu: mama anasema usisumbuke. Kajuju mwenyewe hajanilaumu kwa neno hata moja. Anaweka chakula mezani na kwenda kukaa kwa jirani, na mimi nakula peke yangu nikijua kwa nini.

Katiba: Lakini niulize kitu, Injinia. Wewe ni mtu wa heshima sana. Ulifanyaje kuingia jikoni kwa mama ya Kajuju?

Kabla sijafungua mdomo, Waya akanijibia.

Waya: Si alikuwa amevaa ovaroli? Ovaroli haina mkwe. Daktari akiletewa mama mkwe wake, atasema alale mlangoni? Kazi ni kazi.

Katiba: Hiyo ni kweli. Kazi inaondoa nthoni.

Mohamednoor: Mwanaume kamili.

Wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilijisikia nikicheka na nikajichukia.

Katiba: Tuseme ukweli basi, kosa ni la mama. Hawa wamama wetu wamezoea kuni. Unampatia kitu ya kisasa, anaivuta kama mbuzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye alivuta bila kuinama.

Waya: Na alikatazwa.

Katiba: Na alikatazwa! Fundi wa leseni anakwambia usiguse, wewe unagusa. Mama mzee mkaidi. Bahati yake Injinia ni mkwe, mtu mwingine angempeleka kortini.

Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa pale kabisa, matatu tu, kosa ni langu. Nikainua kikombe, nikanywa kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa, na nikawaacha wamsengenye mama aliyeniokoa. Kama mama angepita barabarani wakati ule akasikia, sijui ningejificha wapi.

Ndipo akaja dada mmoja kutoka upande wa msikiti, amevaa aproni yenye unga. Tulimjua kwa sura. Ni Ilhan, anayepika chapati na mahamri karibu na stendi. Akamsalimia Mohamednoor, akatusalimia na sisi, kisha akauliza ni nani kati yetu anaitwa Injinia. Waya akaninyooshea kidole kwa fahari, kama mtu anayeonyesha nyumba yake mpya.

Ilhan: Samahani nawakatizia. Nilinunua jiko mwezi uliopita, kwa yule mtu wa lori aliyeshukisha vyombo soko la Kangeta. Nasikia ile ya mama mkwe wako ilitoka kwa lori hiyo hiyo.

Mimi: Ndio, dada. Walinunua hapo.

Ilhan: Alikuwa na aina mbili tu. Kulikuwa na nyekundu na kulikuwa na kijani. Yangu ni ya kijani. Tangu nisikie hiyo habari sijaiwasha, napikia makaa, na chapati zinachelewa, wateja wanaenda. Sitaki maneno mengi. Nataka kujua tu, ile iliyoshika moto ilikuwa rangi gani?

Waya: Hiyo ni rahisi sana. Injinia, ambia dada.

Nikaangalia kikombe. Nilijua tarehe ya ule mpira, maana Kajuju alinisomea dirishani. Nilijua ukubwa wa mtungi. Nilijua idadi ya vichomeo. Rangi hakuna aliyenitajia, na mimi sikuuliza. Hata fomu ya watu wa leseni haikuwa na mahali pa rangi. Ningeweza kusema nyekundu. Ilhan angerudi kwake akiwa na furaha, awashe jiko, na kama bahati ingekuwa upande wetu hakuna ambaye angejua. Nilifikiria hivyo kweli, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Katiba: Injinia? Si unaulizwa?

Mimi: Sijui.

Waya: Hujui aje na ulikuwa umeishika?

Mohamednoor: Labda amesahau. Amepitia mengi huyu.

Ilhan alinitazama bila ubaya wowote. Akasogea karibu, akapunguza sauti, ile sauti mtu anayotumia na mfiwa.

Ilhan: Ama iliungua sana, rangi ikapotea? Kama ni hivyo si makosa yako, sema tu.

Ilikuwa mara ya pili kwa mwezi mmoja mwanamke kuniletea uongo ulio tayari, ambao mimi nilitakiwa kuukubali tu. Wa kwanza niliutilia sahihi.

Mimi: Hapana, dada. Rangi iko. Ni mimi sikuiona. Sikuingia jikoni.

Gari la miraa likapita, likapiga honi, likaenda. Waya alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua rangi ya benchi kwa ukucha. Katiba akaikunja barua yangu, akanirudishia.

Mimi: Na mama hakuvuta jiko. Hakukatazwa na mtu. Mlikuwa mnamsema bure.

Ilhan akafuta unga mikononi kwa aproni yake, polepole, akijaribu kuelewa.

Ilhan: Sasa kabla mama aambiwe awashe, nani aliangalia?

Akatuangalia mmoja mmoja, akaanzia kwa Mohamednoor, akapita kwa Waya na Katiba, akaishia kwangu.

Mimi: Hakuna.