Bekhit Aliyebaki Chini ya Zege

Wasikilizaji wapendwa, leo sauti yangu mnivumilie. Tunamkumbuka Usta, yaani Fundi, Bekhit Abdel-Zaher, seremala wa mbao za zege. Mzaliwa wa Sohag, akafanya kazi hapa Aleksandria miaka thelathini. Alitutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Kazi yake ni ile inayobomolewa. Anasimamisha mirunda, zile nguzo za miti, anatandika mbao juu yake, anapigilia misumari. Zege linamwagwa, linakauka, mbao zinang'olewa. Wapita njia wanasifia ghorofa.

Mkewe, Bi Nadra, aliniambia: "Nyundo yake ni ileile tangu tuoane. Mpini tu kaubadilisha mara nne. Nikimtania, 'Yule ndiye mke mkubwa,' anacheka, anasema, 'Na hanifokei.'"

Naam, alikuwa mtu wa utani. Na utani huo, wasikilizaji wapendwa, ndio unaomtesa leo mdogo wake, Hilal.

Jumanne hiyo walikuwa wanamwaga zege la ghorofa ya tatu. Watu saba wako juu, Hilal akiwamo. Bekhit yuko chini yao, anagonga mirunda kwa nyundo, mmoja mmoja, anasikiliza. Mmoja ukalia vibaya. Ulikuwa umeanza kupinda.

"Akapiga kelele, 'Shukeni, punda nyie! Shukeni!'" anasimulia Hilal. "Nikajua ni yaleyale ya kila siku. Nikamjibu, 'Punda ni wewe, gonga misumari yako!' Wenzangu wakacheka. Wallahi, tulicheka."

Bekhit angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa hatua nne tu. Hakukimbia. Alipigilia kabari chini ya mrunda ule, huku akiita, "Hilal! Hilal, ndugu yangu!" Hapo ndipo walipoelewa kuwa si utani. Wakaanza kushuka, na nyundo inaendelea kulia chini. Saba walishuka. Wote saba. Hilal alikuwa wa mwisho. Mguu wake ulipogusa ngazi, zege lote likaporomoka.

Kaka yake alitolewa alasiri.

Hilal aliniuliza, "Tungeshuka alipoita mara ya kwanza, naye angetoka. Si ndiyo?" Nilizima kinasa sauti.

Bi Nadra, Hilal, na ndugu wote wa Sohag, poleni sana. Mungu amrehemu Bekhit.

Nanyi mnaonisikiliza mkiwa ndani, inueni macho mtazame dari. Kuna mtu alisimama hapo mlipo, zege likiwa bado bichi.